Tarehe ya Gharika katika Mswada wenye Shaka: Uhakiki wa Kitabu cha Oera Linda

Utangulizi

Mwaka 1876 kampuni ya uchapishaji ya Trübner ya London ilitoa tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na William Sandbach, yenye jina The Oera Linda Book, from a Manuscript of the Thirteenth Century. Jina hilo linatangaza kwamba kitabu kimetokana na mswada wa karne ya 13. Msomaji makini ataona papo hapo kwamba hukumu imetolewa kabla ya kesi kusikilizwa, kwa kuwa umri wa mswada huo ndio jambo lililokuwa likibishaniwa tangu ulipojitokeza huko Friesland, kaskazini mwa Uholanzi.

Kitabu hiki kinadai kuhifadhi kumbukumbu za Wafrisia kuanzia mwaka 2194 KK hadi mwaka 803 BK. Kinachowavuta wasomaji wengi hadi leo ni tarehe yake ya kwanza. Mwaka huo wa 2194 KK, kwa mujibu wa mswada, nchi iliyoitwa Atland au Aldland, yaani nchi ya kale, ilizama baharini kwa tetemeko, moto na mafuriko. Wapo waandishi waliochukua tarehe hiyo na kuitumia kama msumari wa kutundikia historia ya maafa ya dunia nzima. Robert Scrutton alifanya hivyo katika vitabu vyake vya mwaka 1977 na 1978, na wanaomfuata hawajaisha.

Makala haya yanajadili swali moja: je, tarehe ya tukio la kale inaweza kutolewa katika mswada ambao uhalisi wake una shaka? Swali hili linatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa lugha kwa karibu zaidi kuliko tunavyodhani. Katika mgogoro wa Oera Linda, mashahidi wa kwanza waliouangusha mswada walikuwa sarufi, msamiati na majina ya watu. Wanajiolojia walifuata baadaye.

Mswada ulivyojitokeza

Mwenye mswada alikuwa Cornelis over de Linden, aliyezaliwa mwaka 1811 na kufariki mwaka 1874. Alikuwa msimamizi wa mafundi katika karakana ya meli za jeshi la majini mjini Den Helder. Alidai kwamba mswada ulikuwa urithi wa ukoo wake. Mwaka 1867 ulimfikia Eelco Verwijs, mkutubi wa jimbo la Friesland mjini Leeuwarden, ambaye alikuwa mtaalamu wa lugha. Verwijs hakuwa tayari kuweka jina lake chini ya madai ya ukale huo. Aliyejitosa ni Jan Gerhardus Ottema, msomi aliyeheshimiwa wa chama cha Wafrisia, ambaye mwaka 1872 alichapisha matini pamoja na tafsiri ya Kiholanzi. Tafsiri ya Sandbach ilitokana na kazi hiyo ya Ottema.

Mswada wenyewe umeandikwa kwa lugha inayofanana na Kifrisia cha kale, kwa alfabeti ya pekee ambayo herufi zake, kwa maelezo ya mswada, zimechotwa katika umbo la gurudumu lenye njiti sita. Ndani yake mna sheria, visa vya safari, barua na wasia, vyote vikidaiwa kuandikwa na watu mbalimbali wa ukoo mmoja kwa nyakati tofauti.

Mwanzoni imewekwa barua ya Hidde oera Linda kwa mwanawe Okke. Hidde anaeleza kwamba vitabu vya mababu vililoa maji wakati wa mafuriko, vikaanza kuharibika, naye akavinakili upya juu ya karatasi ya kigeni. Maelezo haya yanafanya kazi kubwa kuliko yanavyoonekana. Mtu akiuliza kwa nini karatasi ni mpya kuliko habari, jibu limeshaandaliwa. Akiuliza kwa nini lugha imechanganyika, ataambiwa kwamba mnakili aligusa hapa na pale. Matini inayojibu maswali ya mpelelezi kabla hajayauliza inastahili kutazamwa mara mbili.

Hesabu ya mwaka wa maafa

Tarehe ya kuzama kwa Atland inatoka katika barua hiyohiyo. Hidde anasema anaandika katika mwaka wa 3449 tangu Atland kuzama, na kwamba kwa hesabu ya Wakristo ni mwaka 1256. Tukitoa 1256 kutoka 3449 tunapata 2193. Kwa kuwa kalenda yetu haina mwaka sifuri kati ya 1 KK na 1 BK, mwaka unaopatikana kwa hesabu kamili ni 2194 KK. Ndiyo maana vitabu vingine vinaandika 2193 na vingine 2194.

Hebu tuangalie hesabu hii inategemea nini. Haina jina la mfalme anayejulikana kwingine, wala habari ya kupatwa kwa jua, wala tukio linalotajwa na taifa jirani. Ina nguzo moja tu, nayo ni kauli ya Hidde. Kauli hiyo ikianguka, tarehe yote inaanguka nayo.

Tena nguzo hiyo ina ufa. Almanaka zilizochapishwa Uholanzi na Friesland katika karne ya 19, zikifuata hesabu za kimapokeo za Biblia, ziliweka gharika ya Nuhu katika mwaka 2193 KK. Almanaka hizo zilikuwa vitabu vya kawaida vya nyumbani, vyenye miezi, magulio na habari za bahari. Kwa hiyo mwaka ambao mswada unadai umetunzwa na mababu wa Wafrisia kwa zaidi ya miaka 3,000 ndio ambao fundi yeyote wa Den Helder angeusoma katika almanaka yake. Hapo ndipo mhakiki anapokuwa na haki ya kuuliza nani amemnakili nani.

Watetezi wanaweza kusema kwamba almanaka na mswada vinakubaliana kwa sababu vyote vinalitaja tukio moja la kweli. Lakini tarehe ya almanaka ilipatikana kwa kujumlisha umri wa wahenga wa Biblia, wala hakuna aliyelipima tukio lenyewe. Wengine waliojumlisha kwa njia tofauti kidogo walipata majibu mengine. Askofu James Ussher, kwa mfano, aliweka gharika hiyo katika mwaka 2348 KK. Iwapo mswada ungekuwa na kumbukumbu huru, ni ajabu kwamba ulichagua jibu lilelile la mahesabu ya nyumbani kwake, ukaacha mengine.

Ushahidi wa lugha

Mwaka 1876, mwaka uleule wa tafsiri ya Sandbach, mwanaisimu Jan Beckering Vinckers alitoa kitabu cha Kiholanzi kupinga uhalisi wa mswada. Hoja yake ilikuwa ya kilugha: matini imejaa maumbo, misemo na miundo ya Kiholanzi na Kifrisia cha siku zake mwenyewe, ikavishwa nguo za kale. Anayejua historia ya lugha huiona mishono.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kulielewa jambo hili bila kujua neno hata moja la Kifrisia. Tuseme umeletewa mswada wa Kiswahili unaodaiwa kuandikwa Pwani mwaka 1400. Ndani yake mna mtu aliyekaa kwenye meza chini ya bendera karibu na gereza. Maneno hayo matatu yana asili ya Kireno, na Wareno walifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498. Ukikuta pia kwamba mtoto amepelekwa shule na baba amelipa hela, basi umeshafika enzi ya Wajerumani. Huhitaji maabara. Kamusi nzuri yenye etimolojia inatosha kukuonya.

Mswada wa Oera Linda una mitego ya aina hiyo, na baadhi inachekesha. Unasimulia kwamba karne 2 hivi baada ya Atland kuzama palikuwa na baharia aliyeitwa Teunis, ambaye watu wake walimwita Neef Teunis, yaani binamu Teunis, na kwamba kutokana na hapo ndipo likapatikana jina la Neptunus, mungu wa bahari wa Warumi. Shida ni kwamba Teunis ni kifupisho cha Kiholanzi cha jina Antonius, jina la Kirumi lililoenea Ulaya kwa heshima ya mtakatifu wa Kikristo. Ni kama kusoma habari za mfalme wa kale kabla ya Ukristo kufika kwetu, kisha ukaambiwa kwamba jina lake lilikuwa Toni.

Majina ya mahali yamefanyiwa vivyo hivyo. Mji wa Marseille unaitwa Missellia, na maana yake inaelezwa kuwa biashara mbaya. Kisiwa cha Kreta kinapewa asili katika neno la kupiga mayowe. Cádiz inakuwa Kadik, kutokana na gati lake la mawe. Hii ndiyo etimolojia ya kienyeji, ile ya kulikata neno la kigeni vipande hadi lifanane na maneno ya nyumbani. Nasi tunaifahamu. Nani hajawahi kusikia kwamba neno Swahili limetokana na siwa hili? Maelezo hayo yanapendeza masikioni, lakini asili yake ni neno la Kiarabu la pwani. Tofauti ni kwamba aliyebuni habari ya siwa hili hakudai kwamba aliirithi kutoka mwaka 2194 KK.

Hata tarakimu zinatoa ushahidi. Mswada unawapa Wafrisia wa kale tarakimu zao wenyewe, pamoja na sifuri. Sifuri tunayoitumia ilitoka India, ikapitia kwa Waarabu, na ikaenea Ulaya polepole baada ya vitabu kama kile cha Fibonacci cha mwaka 1202.

Ushahidi wa karatasi na wa elimu ya wakati

Watengenezaji wa karatasi walioitazama katika miaka ya 1870 walisema ilitengenezwa kwa mashine, katikati ya karne ya 19, kisha ikabadilishwa rangi ionekane kuukuu. Mashine za kutengeneza karatasi hazikuwapo kabla ya mwisho wa karne ya 18. Kwa hiyo hata dai dogo la jalada, kwamba nakala hii ni ya karne ya 13, haliwezi kusimama.

Kuna hoja moja ya Ottema inayostahili kuangaliwa kwa uangalifu, maana inafundisha sana. Mswada unataja watu waliojenga nyumba juu ya nguzo majini huko Uswisi. Ottema aliona kwamba mabaki ya makazi hayo yaligunduliwa katika majira ya baridi ya mwaka 1853 na 1854, maji ya ziwa la Zürich yalipopungua. Akauliza: mghushi angejuaje? Swali lenyewe lina jibu ndani yake. Mswada ulionyeshwa wataalamu mwaka 1867. Mtu aliyeandika baada ya mwaka 1854 angeweza kujua kwa kusoma magazeti. Hoja iliyoletwa kuthibitisha ukale ikageuka kuwa kipimo cha upya: mswada unajua mambo ya miaka ya 1850. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga.

Je, si kweli kwamba palitokea maafa?

Sasa tuje kwenye hoja yenye nguvu zaidi ya watetezi wa leo. Wanasema kwamba sayansi imethibitisha msukosuko mkubwa wa hali ya hewa karibu na mwaka 2200 KK, na kwamba mswada ulikuwa na tarehe hiyo kabla ya wanasayansi.

Msukosuko huo ni wa kweli. Takriban miaka 4,200 iliyopita palitokea ukame katika sehemu nyingi za dunia. Wanahistoria wanauhusisha na kudhoofika kwa dola la Akkad huko Mesopotamia na mwisho wa Ufalme wa Kale wa Misri, ingawa wanabishana kuhusu uzito wake katika kila mahali. Mwaka 2018 wanajiolojia waliuchagua kuwa mpaka wa kipindi kipya cha historia ya dunia, walichokiita Kimeghalaya kwa jina la jimbo la India lenye pango ambamo ushahidi ulisomwa katika matabaka ya mawe ya chokaa. Hata karibu nasi, barafu iliyochimbwa kileleni Kilimanjaro mwaka 2000 ilikutwa na tabaka la vumbi la takriban miaka 4,000 iliyopita, ambalo watafiti walilisoma kuwa dalili ya ukame mkali.

Lakini tulinganishe matini na ushahidi, jambo kwa jambo. Mswada unasimulia kiangazi kisicho na jua, ukungu wenye unyevu, ardhi kutetemeka, milima kutema moto, nchi kuzama na bahari kuyafunika mabonde. Ushahidi wa kisayansi unaonyesha ukame uliotambaa kwa vizazi kadhaa. Mafuriko ya ghafla na ukame wa karne nzima hayawi tukio moja kwa sababu tu yako karibu kwenye mstari wa miaka. Isitoshe, mswada unasema kwamba milima ilitema moto hata Twiskland, yaani Ujerumani. Volkano za eneo la Eifel, ambazo ndizo changa zaidi huko, zililipuka kwa mara ya mwisho takriban miaka 11,000 iliyopita. Hapa matini imetoa dai linaloweza kupimwa, likapimwa, likashindwa.

Wengine huhama. Wakishindwa na ukame, hukimbilia Doggerland, nchi kavu iliyokuwa kati ya Uingereza na Uholanzi ya leo, ambayo bahari iliimeza kidogokidogo barafu ilipoyeyuka. Sehemu zake za mwisho zilikumbwa pia na wimbi kubwa lililotokana na maporomoko ya Storegga, chini ya bahari karibu na Norwe, takriban miaka 8,150 iliyopita. Habari hii ni ya kweli na ya kusisimua. Ila kati yake na mwaka 2194 KK mna pengo la karibu miaka 4,000. Anayetaka tarehe ya mswada hawezi kuchukua Doggerland, na anayetaka Doggerland lazima aitupe tarehe. Kuvishika vyote viwili ni kutaka kushinda kesi kwa mashahidi wanaopingana.

Nani aliandika, na kwa nini

Utafiti uliokwenda mbali zaidi ni wa Goffe Jensma, aliyewasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Groningen mwaka 2004. Kwa maoni yake mtunzi mkuu alikuwa François HaverSchmidt, mchungaji na mshairi wa Friesland aliyejulikana pia kwa jina la kubuni la Piet Paaltjens, akisaidiwa na Verwijs na Over de Linden. Lengo, kwa mujibu wa Jensma, lilikuwa mzaha wenye funzo: kuwategea waliosoma Biblia neno kwa neno pamoja na wapenda utaifa wa Kifrisia, kisha kuwafunua macho. Mzaha ukawaponyoka. Ottema aliamini kwa moyo wake wote, na baada ya hapo hakuna aliyethubutu kusimama na kusema kwamba ulikuwa mchezo.

Wapo wasiokubaliana na Jensma kuhusu majina hayo. Hata hivyo, swali la nani aliandika si lazima lijibiwe ndipo tujue iliandikwa lini. Karatasi, lugha na elimu iliyomo ndani vinatosha kwa hilo.

Kwa nini jambo hili si la kupuuza

Msomaji anaweza kuuliza: kuna madhara gani mtu akiamini kwamba nchi fulani ilizama mwaka fulani? Jibu limo katika kurasa za mwanzo za mswada wenyewe. Humo wanadamu wote wanatokana na mama watatu: Lyda mweusi, Finda wa manjano na Frya mweupe. Watu wa Frya wanapewa uhuru, sheria na hekima. Lyda hana sheria. Huongozwa na hisia zake. Mgawanyo huu wa watu katika makundi matatu kwa rangi haukutoka mwaka 2194 KK. Ndio uliofundishwa na wasomi wa Ulaya wa karne ya 19, akiwemo Georges Cuvier. Anayeikubali tarehe kwa sababu mswada ni wa kale hana sababu ya kuukataa ukale wa habari ya Lyda. Vyote vimeandikwa kwa mkono mmoja, juu ya karatasi moja.

Haya hayakubaki katika vitabu tu. Mwaka 1933 Herman Wirth alichapisha tafsiri ya Kijerumani. Alikubali kwamba mswada ulikuwa umeguswa na mikono ya baadaye, lakini akashikilia kwamba una kiini cha kweli cha kale. Mwaka 1934 palifanyika mdahalo mkali katika chuo kikuu cha Berlin, na wanafilolojia, akiwemo Arthur Hübner, walionyesha wazi kwamba mswada ni wa kughushi. Hata hivyo mwaka 1935 Heinrich Himmler alimtumia Wirth katika kuanzisha Ahnenerbe, taasisi ya Wanazi ya kutafuta ushahidi wa ukuu wa watu wao. Wataalamu wa lugha walikuwa wamesema kweli, lakini wenye nguvu walihitaji babu, na mswada uliwapa.

Tuzingatie hoja ya kiini cha kweli, maana ndiyo inayosikika zaidi hata sasa. Mwenye kuitumia huchuja mswada kwa kutumia yale anayoyaamini tayari. Panapolingana na imani yake anaita kiini, pasipolingana anaita nyongeza ya wanakili. Kwa namna hiyo hakuna mswada unaoweza kushindwa, na kitu kisichoweza kushindwa hakiwezi kuwa ushahidi.

Tarehe na mapokeo ya kwetu

Katika eneo letu la Maziwa Makuu tuna mfano wa kulinganisha. Mapokeo ya Bunyoro na Ankole yanasimulia kwamba jua lilitiwa giza huko Biharwe, karibu na mji wa Mbarara wa leo, wakati wa vita. Watafiti walilihusisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520. Hapa tarehe haikutoka ndani ya simulizi. Simulizi ilitoa tukio na mahali, na hesabu ya mwendo wa jua na mwezi, ambayo haikujua lolote kuhusu Bunyoro, ikatoa siku. Bado inabidi kuwa waangalifu, kwani kuchagua kupatwa huko na kuacha kwingine kulitegemea pia kuhesabu tawala, na wapo wanahistoria waliolihoji. Lakini uangalifu huo unawezekana kwa sababu kuna mashahidi wawili wanaoweza kusutana. Oera Linda ina shahidi mmoja anayejithibitisha mwenyewe.

Vilevile wanafunzi wetu wanaosoma tarihi za Pwani wanakutana na Habari za Pate, inayoweka kufika kwa Wanabahani katika mwaka 600 wa Hijria, yaani mwanzoni mwa karne ya 13. Mwaka 1969 mwanaakiolojia Neville Chittick alidai kwamba tarehe hiyo ni ya mapema mno ukilinganisha na mabaki yaliyochimbuliwa. Tusichanganye mambo. Tarihi ya Pate si ya kughushi. Ni mapokeo halisi ya watu halisi, yaliyonakiliwa na kusimuliwa upya, na tarehe zake zinaweza kuwa na makosa. Kughushi ni kitendo kingine chenye nia nyingine. Mhakiki anayeviweka vyote viwili katika kapu moja anawadhulumu wahenga waliotunza habari zao kwa nia njema.

Hitimisho

Tunachojifunza katika Oera Linda ni kwamba tarehe iliyomo katika mswada wenye shaka ni habari kumhusu mwandishi, hadi atakapopatikana shahidi wa nje wa kuifanya iwe habari kuhusu tukio. Mwaka 2194 KK unatueleza vizuri kabisa kilichokuwa juu ya meza ya mtu wa Friesland katika karne ya 19: almanaka, habari za makazi ya ziwa la Zürich, nadharia za rangi za watu, na mapenzi makubwa kwa lugha ya nyumbani. Kuhusu bahari ya miaka 4,200 iliyopita hautuelezi lolote.

Kwa walimu wenzangu wanaofundisha uhakiki matini, mswada huu, ambao sasa umehifadhiwa mjini Leeuwarden, unafaa sana kwa somo la saa 2. Wape wanafunzi ukurasa mmoja wa tafsiri bila kuwaambia chochote, kisha waulize maswali haya kwa mpangilio: Karatasi ni ya lini? Ni neno gani la mwisho kuzaliwa kati ya maneno yaliyomo? Mwandishi anajua jambo gani ambalo mtu wa enzi anayodai asingelijua? Tarehe iliyotajwa inaungwa mkono na nani asiyemjua mwandishi? Nani anafaidika tukiamini? Baada ya hapo wape ukurasa wa tarihi ya Pwani na uwaachie maswali yaleyale. Watatambua kwamba maswali ni mamoja ila majibu yanatofautiana, na kwamba kutilia shaka si kudharau.

Kizazi cha wanafunzi tunaowafundisha kinapokea matini nyingi kuliko kizazi chochote kilichotangulia, na nyingi hazina jalada wala jina la mwandishi. Wengi wao watakwenda kuwa walimu wa shule za upili, waandishi wa habari na wafasiri. Wakitoka kwetu wakijua kuuliza neno hili lilizaliwa lini, watakuwa wamebeba chombo kilekile kilichomwezesha Beckering Vinckers, mwaka 1876, kuona kile ambacho Ottema, pamoja na elimu yake yote, hakutaka kukiona.